Pozi la Kugeuka Nyuma

Mnada wa Karatu hauna adabu. Mbuzi wanakukanyaga bila samahani, wauza mitumba wanapanda juu ya meza wakipayuka kana kwamba wateja wote ni viziwi, na moshi wa nyama choma unakufuata mpaka nyumbani. Hapo ndipo Marsela alipoliona koti jeusi la sufu akalikamata mkono wa kulia, na papo hapo mwanamume mrefu, shuka jekundu begani na kofia ya dereva wa watalii kichwani, akalikamata mkono wa kushoto.

"Kaka, nimetangulia."

"Dada, mimi nimelitangulia kwa macho tangu kule kwenye mbuzi."

"Macho hayanunui koti."

"Mdomo nao haununui. Ungekuwa unanunua, ungeshaondoka na mnada mzima."

Hakuna aliyeachia. Mwuzaji akachoka nao, akawanyang'anya, akamuuzia mtu wa tatu. Walibaki wanatazamana kwa hasira, kisha wakacheka, na saa moja baadaye walikuwa wanakula nyama kwenye sinia moja. Miaka miwili ilipopita, Marsela wa Qurus alikuwa amevaa pete ya Lesiamon wa Kakesio. Ugomvi ule wa koti ulikuwa mtamu. Huu mwingine, uliowakuta wiki tatu kabla ya harusi, haukuwa na utamu hata wa kulamba.

Ulianza Jumanne, siku waliyoiweka kwa kazi ya kutafuta mahali pa kupigia picha za harusi. Marsela alikuwa fundi cherehani karibu na stendi ya Karatu. Kwa miaka minane alikuwa amewashonea magauni mabibi harusi wa watu, na picha zao zilijaa ukuta wa duka lake. Safari hii alishona lake, lenye mkia mrefu wa kuburuta, na mkia ule aliutaka kwenye ukingo wa kreta ya volkano, kreta yote nyuma yake. Lesiamon aliendesha. Josephati mpiga picha alikaa kiti cha nyuma amekumbatia kamera zake, akiomba Mungu wafike salama, maana hao wawili walianza kunyukana hata kabla ya kutoka mjini.

Walianza na bustani ya hoteli.

"Pazuri," Marsela alisema.

"Kila mtu Karatu amepiga hapa," Lesiamon alijibu. "Maua yale yale, kiti kile kile. Kinachobadilika ni mke tu."

"Basi na wewe badilisha mke, maua yabaki."

Walipanda ukingoni. Ukungu ulikuwa mzito, kreta yote imejaa weupe mtupu kama bakuli la maziwa. Watalii walisimama na makoti yao wakipiga picha za ukungu.

"Nilikwambia saa hizi hupati kitu," Lesiamon alisema. "Mimi hapa napita kila siku."

"Ulisema kwa kejeli, ndiyo maana sikusikia."

Josephati akasema pengine ukungu nao una uzuri wake.

"Nisikilize," Lesiamon alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Siku ya pili ya harusi twende Kakesio. Mama apate picha na wewe. Moja tu."

"Mama yako? Yule aliyeniangalia naondoka bila hata kwaheri? Nilitembea kutoka bomani mpaka kwenye gari nikisubiri neno lolote, Lesi. Kimya! Mtu hata mbwa humwambia kitu akiondoka. Hanipendi, na wewe unajua."

"Anakupenda. Ana sababu zake."

"Zipi?"

"Ni mila tu. Hutaelewa."

"Mila!" Marsela alipiga makofi na kucheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya. "Ng'ombe akikohoa, mila. Mwanamke akinyimwa salamu, mila. Mna simu za kisasa mikononi, ila akili bado mmeifungia zizini."

Neno lile alilijutia kabla halijamaliza kutoka, lakini hakuwa mtu wa kurudisha neno. Lesiamon akafungua mlango wa gari.

"Cheka," alisema. "Mimi tena sikuelezi kitu."

Wakashuka mpaka Qurus, nyumbani kwa baba yake Marsela, ambako bibi harusi angetokea asubuhi ya harusi kwenda kanisani. Mzee Clemensi alikuwa amekaa kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe. Walimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua uso.

Yule mzee alikuwa mtu wa amri. Mama yake Marsela, marehemu Angelina, aliishi naye miaka thelathini akiuliza kwa nini hiki na kwa nini kile, na jibu lilikuwa moja: "Nimesema." Siku walipomzika, mzee alisimama kaburini amenyooka, macho makavu, akaamuru watu waharakishe udongo kabla mvua haijanyesha. Marsela aliapa siku ile ile kwamba hataolewa na mwanamume wa kusema "nimesema". Alimpenda Lesiamon kwa sababu hiyo hasa: alikuwa mbishi, lakini mbishi mwenye maelezo.

Josephati alipouona mlango wa buluu, njia nyembamba kati ya mbaazi, na barabara kwa mbele, akafufuka.

"Hapa, bi harusi, hapa! Tusiende kokote. Unatoka mlangoni, unatembea, mkia unakufuata kwenye njia, halafu ukifika kwenye lile jiwe unageuka nyuma, unamtazama baba mlangoni. Pozi la kuaga nyumbani. Watu watalia! Hebu tujaribu."

Marsela alijifunga kitambaa cheupe cha meza kiunoni, kikawa mkia. Alitoka mlangoni akatembea kwa madaha, kitambaa kikiburuta kwenye vumbi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo moyo wake ulikuwa mwepesi.

"Safi! Sasa geuka, tabasamu, taratibu..."

"Usigeuke!"

Kuku walitawanyika. Lesiamon alikuja mbio kutoka kwenye gari, akamkamata mabega kwa nyuma na kumkaza asisogee.

"Tazama mbele, Marsela! Usigeuke!"

"Niache! Una wazimu? Kwa nini nisigeuke?"

Lesiamon alifungua mdomo. Josephati alikuwa anatazama, mzee alikuwa ameacha kuchonga, na kicheko cha kule kwenye ukungu kilikuwa bado kinamuuma masikioni.

"Nimesema usigeuke!"

Nimesema. Marsela alilisikia neno hilo likitoka kwenye kinywa alichokuwa anakibusu. Aliitoa mikono ya Lesiamon begani kwake, mmoja mmoja. Kisha akageuka, mzimamzima, kidevu juu, akautazama mlango wa baba yake mpaka alipotosheka.

Lesiamon alikuwa amebadilika rangi. Aliingia kwenye gari akaondoka, akamwacha Josephati amesimama na begi lake.

"Mume gani huyo," mzee Clemensi alinguruma, "anakuja kumpigia binti yangu kelele kwangu?"

"Si mume," Marsela alisema. "Na hatakuwa."

Jumatano simu iliita mara kumi na moja. Ya kumi na mbili aliipokea.

"Sela, mpenzi..."

"Mpenzi wako umemwacha Qurus na kitambaa cha meza."

"Tuongee."

"Omba radhi kwanza."

"Mimi? Wewe ndiye uliyegeuka! Nilikwambia usigeuke, ukageuka makusudi!"

"Shingo ni yangu, Lesiamon! Haijatolewa mahari peke yake!"

Akakata. Alhamisi hakuna aliyepiga, na hiyo ndiyo siku Marsela aliyolia, kichwa juu ya cherehani. Ijumaa aliosha uso, akalishusha gauni lake kutoka ukutani, akachukua wembe na kuanza kufumua mkia.

Alikuwa amefumua robo yake mlango ulipofunguliwa. Aliingia Nashipai, mdogo wake Lesiamon, muuza shanga wa pale mjini, shanga shingoni na uso umekunjwa.

"Sijaja kukubembeleza, wifi," alisema kabla ya kukaa. "Kaka hajui kama nimekuja. Nimekuja kwa sababu unamsema mama yetu."

"Nimesema ninachokijua. Hakuniaga."

"Mama hamwiti mtu aliyeshampa mgongo. Mtu yeyote. Hata mimi. Ukishaondoka bomani, hata ukidondosha simu yako hatakuita. Unajua kwa nini?"

Marsela aliuweka wembe chini.

"Kwetu msichana akitoka kwa baba yake kuolewa, hageuki nyuma. Wazee wanasema akigeuka, anageuka jiwe. Dada yetu mkubwa Nanyori siku yake alikuwa ameshatoka, ameinamisha kichwa, anatembea vizuri tu. Amesahau kibuyu chake cha maziwa. Mama akasahau mila kwa haraka, akaita, Nanyori! Nanyori akageuka." Nashipai alizichezea shanga zake. "Miezi kumi na moja baadaye alikufa na mtoto tumboni, njiani kupelekwa hospitali. Kaka ndiye aliyekuwa anaendesha gari."

"Mbona hakuniambia?" Marsela aliuliza.

"Alitaka kukwambia. Akasema ulimcheka." Nashipai alisimama. "Mimi nimeenda shule, wifi. Najua kilichomuua dada ni damu na umbali. Mama hajui hivyo. Na kaka anajua, lakini bado."

Alipotoka, Marsela alikaa na gauni mapajani. Alijiona mbaya, na alistahili. Lakini pia alikuwa bado na hasira, na ile nayo ilikuwa ya haki: huruma kwa Nanyori haikulifuta lile "nimesema". Kama leo amesema hivi kwa sababu ya msiba, kesho atasema kwa sababu ya chumvi. Akapiga simu.

"Jumapili baada ya misa njoo kwa baba."

"Nashipai amekuja kwako?"

"Usiniulize aliyekuja. Wewe una sababu, uilete mwenyewe kwa mdomo wako, mbele ya baba uliyempigia kelele. Ukisema tena 'nimesema', nalifumua gauni lote nashona mapazia."

"Utacheka?"

Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sitacheka, Lesi. Nilikosea kucheka. Ila uje."

Jumapili alikuja, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi la Qurus. Mzee Clemensi alikuwa mlangoni kwenye kigoda chake na hakumkaribisha kukaa.

"Sema kilichokuleta."

Lesiamon alisema. Alianza vibaya, akasimama, akaanza tena. Alieleza kuhusu bibi harusi anayegeuka jiwe, kuhusu kibuyu, na sauti ya mama yake, na barabara ya kwenda hospitali iliyokuwa na tope hadi kwenye ekseli, na jinsi Nanyori alivyomwambia kwenye gari: niligeuka kidogo tu.

"Kwa hiyo unaleta kwangu mambo ya mawe," mzee alisema. "Sisi hapa hatuna hayo. Unayaamini?"

"Siamini, mzee. Naogopa." Akamgeukia Marsela. "Nilipaswa kukwambia hivyo tu. Kwamba naogopa. Nisamehe. Kukuamrisha ilikuwa rahisi zaidi."

Marsela hakucheka.

Mzee Clemensi aliinuka, akakichukua kigoda chake, akaondoka. Walidhani amewafukuza. Alipita njia ya mbaazi polepole, akavuka lile jiwe la Josephati, akaenda mpaka barabarani, akakiweka kigoda chini na kusimama kando yake akiwatazama.

"Nitasimama huku!" alipaza sauti.

"Baba?"

"Siku hiyo! Huyo mpiga picha wenu anataka nikae mlangoni. Sikai mlangoni." Akapangusa pua kwa kiganja, na alipoendelea sauti haikuwa ile ya amri. "Mimi siku hiyo nitalia, Sela. Nilijizuia kwa mama yako, kwako sitaweza. Nikilia nyuma yako, utageuka. Acha nilie mbele."

Kisha, kana kwamba ameona aibu, akamnyooshea Lesiamon kidole. "Na wewe usidhani nimekupenda! Ukipiga tena kelele kwangu, nakufungulia mbwa!"

"Sawa, baba," Lesiamon alisema.

Katika maisha yake yote Marsela hakuwahi kupewa sababu na baba yake, hata moja, na sasa alikuwa amepewa kwa sauti ya juu, barabarani, majirani wakisikia. Alishuka kutoka mlangoni akaanza kumfuata. Lesiamon alitembea kando yake, akanyoosha mkono, akanyimwa, maana hasira ya Jumanne ilikuwa bado haijaisha.

"Sela."

"Usinisemeshe. Natembea."

Katikati ya mbaazi Marsela mwenyewe akaushika mkono wa Lesiamon, kwa nguvu, bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwa mzee aliyesimama barabarani, ambaye alikuwa ameshaanza kulia wiki mbili kabla ya siku yenyewe.