Laptopu Iliyopimwa Timboroa

Wawili wamebatizwa jina moja. Mmoja anapanda mlima akiimba, mwenzake anakaa njiani kupumua. Ni nani hao? Umeshindwa? Basi nipe mji. Nimekwenda Eldoret, nimekula viazi nikashiba, na sasa nakujibu: ni laptopu mbili zenye kadi ya picha ya jina moja.

Adoyo hakulijua jibu hilo siku alipopanda ngazi za jengo la vibanda vya kompyuta. Ilikuwa mwisho wa mwezi na watu walisukumana kama wako kwenye mnada wa ng'ombe. Alivaa sweta ya maruni na sketi ya kitenge, viatu vimejaa matope ya ploti za Kiplombe, macho mekundu ya mtu asiyepata usingizi. Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba kwenye kompyuta, ili mwenye ploti aione yake imesimama, mpaka na mapazia, kabla msingi haujachimbwa. Pale juu akagongana bega na kijana aliyekumbatia laptopu mbili kifuani kama mapacha.

"Pole, madam! Karibu. Unatafuta nini?"

"Mashine isiyochoka. Yangu imechoka, na mimi nimechoka. Nyumba moja haiwezi kuwa na wagonjwa wawili."

Kijana akacheka. Aliitwa Njenga, mwenye kibanda, mtoto wa wakulima wa viazi kule Timboroa. Kofia yake ya sufu hakuivua hata jua likiwaka.

"Hizi mbili zina kadi moja, ile inachora picha," akasema. "Hii nyembamba ya rangi ya fedha, na hii nyeusi nene."

"Kama kadi ni moja, si nichukue ile mrembo?"

"Pole pole, mrembo. Jina ni moja, nguvu si moja. Niachie mchoro wako. Nitazipa zote kazi hiyo hiyo. Itakayomaliza haraka ndiyo yako."

"Na namba yangu ya simu unaandika ya nini? Pia inapima kadi?"

"Hiyo inapima bahati yangu."

Basi. Ile nyeusi Njenga akaipima Ijumaa mchana pale kibandani, chini ya mabati, jirani yake akikaanga chipsi. Ya fedha haikupata nafasi siku hiyo, kwa hiyo akaibeba kwao Timboroa, akaipima Jumamosi asubuhi kwenye meza ya mama yake, dirisha likiwa wazi. Ya fedha ikashinda kwa mbali. Akampigia Adoyo simu akiwa na furaha kama mtu aliyepata mtoto, na Adoyo akainunua.

Mapenzi nayo hayakukawia. Jioni walikunywa chai na mandazi, kila mmoja akipiga miayo, wakichekana.

"Umekula, mpenzi?" Njenga angeuliza kwenye simu.

"Nimekula sauti yako. Lakini haishibishi, leta chapati."

Wakapanga kwamba Jumapili fulani Adoyo aende Timboroa kuonana na mama. Kwa watu wazima, safari kama hiyo haihitaji maelezo.

Kabla ya Jumapili hiyo ikaja kazi kubwa. Tajiri mmoja alitaka picha inayotembea ndani ya nyumba zake zote za Kiplombe, chumba kwa chumba. Laptopu ya fedha ilianza kama fahali. Baadaye feni ikalia, ikalia, kisha mashine ikatambaa. Muda ukapita, tajiri akampa mtu mwingine kazi. Adoyo hakuwa na nguvu hata ya kulia.

"Hao wa vibanda wanakuuzia ile imekaa sana," alisema Benta, mwenzake wa kazini. "Na wewe ukaongezewa mapenzi juu, kama nyongeza ya sukuma wiki sokoni."

Neno hilo likamwingia. Akapiga simu.

"Njenga, uliniuzia ile watu wamekataa."

"Adoyo, haki ya Mungu niliipima!"

"Uliipima, ama ulinipima mimi ukaona ni mjinga?"

"Mpenzi, nisikize..."

"Usiniite mpenzi. Niite kastoma. Na Jumapili sikuji. Mwambie mama yako nimechoka."

Njenga akaenda peke yake. Mama yake, Mama Kabura, alikuwa amechinja kuku na kuponda mukimo wa viazi na mahindi.

"Mgeni wangu ako wapi?"

"Amechoka, Maitu."

"Mtu akichoka si ndio anakuja kulishwa? Umemfanyia nini?"

Njenga akavuta kiti. Alikaa kwenye ile meza aliyopimia laptopu, shingo imelegea, chakula kikimtazama.

"Basi funga hiyo dirisha," mama akasema. "Baridi ya hapa, chai inapoa ikiwa bado kwa birika."

Mkono wa Njenga ukasimama kwenye kioo. Kadi ya picha ikifanya kazi hupata joto, na joto likizidi inajipunguzia mwendo isiungue. Yeye alikuwa ameshindanisha wawili, mmoja akipepewa na upepo wa msitu wa Timboroa, mwingine amekalishwa kando ya mafuta ya chipsi!

Mama akamfungia kuku wa kumpelekea mgeni. Njenga akapitia kibandani kuchukua ile nyeusi, akaenda mpaka mtaa wa West Indies, nyumbani kwa Adoyo. Adoyo alifungua mlango amejifunga leso, nywele zimesukwa nusu.

"Sina nguvu ya kugombana, Njenga."

"Hata mimi sina. Nimekuja kukuonyesha kosa langu, halafu niende."

Wakaziweka meza moja, zote kwenye umeme, mchoro mmoja, dirisha limefungwa. Ya fedha ikatangulia.

"Si unaona?" Adoyo akasema.

"Wacha joto ipande."

Feni zikaanza. Ya fedha, kwa wembamba wake, ikakosa pa kutolea joto, ikapunguza mwendo, kama mtu aliyekumbuka kidonda. Nyeusi ikaendelea vile vile, ikinguruma kama kinu cha posho, ikamaliza nyumba nzima mwenzake akiwa bado kwenye vigae vya paa.

"Kwa hivyo hukunidanganya," Adoyo akasema taratibu.

"Nilikosea. Chukua nyeusi, hii nirudishie. Ile kazi sasa, siwezi kukurudishia."

"Ile imeenda." Akashusha pumzi. "Na mimi je? Umenipima wapi? Kwa mandazi, nimejipaka mafuta? Mimi nikipata joto nakata simu. Nikichoka nanuna."

"Nimeona."

"Na bado uko hapa?"

"Niko. Na nataka kukuoa, Adoyo."

"Leo? Na nywele iko hivi?"

"Ikiwa hivyo hivyo."

Adoyo akacheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo na mgongo bado unauma. Akakaa kando yake, akamwegemea.

"Nimekubali. Sasa nyamaza nilale kidogo."

Simu ya Njenga ikalia mfukoni, upande ule ule alioulalia Adoyo. Ilikuwa Mama Kabura. Ikalia mpaka ikakatika, ikaanza tena. Njenga hakusogea.