Kutu Chini ya Nanga

Kitu cha kwanza Lombe alichokiona ni kwamba chini ya nanga palikuwa pasafi.

Hakumwona kwanza kijana mwenyewe, ingawa alikuwa mrefu na shati lake jeupe lilikuwa limeshikamana na mgongo kwa mvua. Hakuona kwanza mizinga miwili, wala ngazi nyembamba kama miguu ya panzi. Aliona lile tundu ambamo mnyororo wa nanga hutokea ubavuni mwa meli, na chini yake rangi ya kijivu, safi, kana kwamba mnyororo huo haujawahi kulowa. Kwingine kote meli ilikuwa imenyunyiziwa madoa ya kahawia, sawasawa mbele na nyuma, kama uso wa mtoto mwenye surua.

"Tante, nisamehe, nijifiche hapa kidogo," kijana alisema, akiwa amekwisha kujificha.

Mvua ya Novemba ilikuwa imelishika soko la Kampemba bila taarifa. Watu walikimbia na vikwembe juu ya vichwa, na maji mekundu yalipita kati ya meza. Tante Angélique, shangazi yake Lombe, aliyekuwa akifunika samaki wake wakavu, makobo, kwa nailoni, alimtazama kijana kuanzia viatuni mpaka kwenye sanduku wazi la mbao alilolikumbatia, meli ndogo ya bati ndani yake.

"Papa, weka iyo kitu mbali na samaki yangu. Ni nini?"

"Ni meli ya vita, tante."

"Ya vita na nani? Na makobo?"

Kijana alicheka, na maji yakamdondoka kidevuni. Jina lake Mardochée. Alikuwa fundi wa kusuka upya nyaya za mota, katika atelier, karakana iliyokuwa barabara mbili kutoka sokoni. Meli aliitengeneza yeye kwa miezi minane: bati la makopo ya maziwa, nyaya nyembamba za shaba kwa ajili ya vizuizi vya sitaha, vipete vya matundu ya viatu kwa ajili ya madirisha. Kila mita ya meli yenyewe ilikuwa sentimita mbili kwenye meza yake, wala hakudanganya hata sentimita moja.

"Ni ya kambo yangu, Ephraïm," alisema, akimtaja babu yake. "Alikuwa mukanika ndani ya meli ya jeshi kule Kalemie, miaka kumi na moja. Naenda kumuonyesha, iko Makomeno." Akamgeukia Lombe. "Na weye, unaionaje?"

Lombe alitazama chini ya nanga. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno, yakakaa.

"Iko muzuri," alisema.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na siku hiyo alivaa blauzi ya manjano ya shangazi yake, pana mabegani. Kuona lilikuwa jambo rahisi kwake. Aliona samaki aliyeanza kuharibika kabla hajanuka, na mteja ambaye hangenunua kabla hajafungua mdomo. Kusema lilikuwa jambo lingine.

Baada ya siku mbili Mardochée alirudi, shati limekauka na limepigwa pasi. Alinunua ndakala, dagaa wa ziwani, kisha akabaki amesimama.

"Kambo alifurahi?" tante Angélique aliuliza.

"Alisema iko muzuri. Aliniambia niiweke juu ya télé." Alijaribu kutabasamu. "Kiisha akasema: lakini hii haijaenda kwa maji."

"Mwiko. Miezi minane yote?"

"Namuuliza inakosa nini, anasema hajui, macho tu inamukatalia. Na macho yenyewe, tante, inaisha. Munganga alisema mvua ya mwaka huu ikiisha hataona tena. Nataka aione meli yake mbele ile siku ifike. Ile yenyewe."

Lombe alijua inakosa nini. Alifunga ndakala ndani ya gazeti, akafunga vizuri mno, na kijana akaondoka na namba ya simu ya Lombe, ambayo tante Angélique ndiye aliyeitoa.

Alipiga jioni hiyo hiyo.

"Allô, Lombe? Uko pale, ao naongea na makobo?"

"Niko."

"Asanti Mungu. Leo umekula nini?"

"Bukari."

"Na nini?"

"Na makobo."

"Basi nilikosea kidogo tu."

Lombe alicheka, mkono mdomoni. Kuanzia hapo Mardochée alimpigia kila jioni. Yeye aliongea, Lombe akasikiliza akiwa amekaa kwenye kizingiti, miguu uani. Alimweleza kuhusu mota za pampu zilizoungua, kuhusu baba yake aliyetoka Kasai na redio moja begani, kuhusu kambo aliyemlea na kumfundisha kushika koleo. Kama Lombe aliongea maneno kumi mfululizo, Mardochée alinyamaza ili yasikatike. Jumapili moja walitembea pamoja baada ya misa. Lombe alivaa kikwembe cha buluu chenye ndege weupe, na Mardochée alivaa viatu vilivyong'aa hata aliviogopea vumbi, akawa anatembea kama kuku kwenye majivu.

"Unanicheka," alisema.

"Apana."

"Unacheka na macho. Nimekwisha kukujua, bijou."

Katikati ya Desemba alipata kazi Likasi, siku nne. Chumba chake kilivuja juu ya meza ya kazi, hivyo akaleta meli nyumbani kwa tante Angélique.

"Nakuachia weye," alimwambia Lombe mlangoni. "Bengine wote wanaishika na mikono. Weye unaishika na macho kwanza."

Usiku ule Lombe hakulala mapema, na asubuhi alikuwa ameamua. Kama mdomo haukuweza kumwambia, mikono ingeweza. Angefanya ubavu mmoja tu, wa kushoto, ili Mardochée aweke pande mbili kando kwa kando na aone mwenyewe.

Alichukua chuma cha kusugulia sufuria, akakiloweka kwenye siki mpaka maji yakawa mekundu kama chai kali. Alisaga kipande cha tofali, akakwangua masizi chini ya chungu. Kisha akafuta madoa ya Mardochée taratibu kwa kitambaa, moja baada ya jingine, kwa sababu meli haiugui surua. Kutu hutokea pale maji yanapokaa, na hushuka pale maji yanapopita. Aliweka tone moja la maji mekundu kwenye tundu la nanga, akaliacha lishuke lenyewe. Likakauka. Akaweka jingine juu yake. Chini ya kila shimo la kutolea maji aliacha mistari, mirefu kwa mifupi. Pale meli inapojisugua na gati alikwangua rangi mpaka bati likaonekana. Kwenye mstari wa maji alipaka ukanda hafifu wa kijani, na nyuma ya bomba la moshi masizi, kwa mguso mwepesi wa kidole. Siku mbili zilipita hivyo. Tante Angélique alipita na beseni, akatazama, akaendelea.

Mardochée alirudi siku moja mapema, na mkate wa Likasi chini ya kwapa. Meli ilikuwa uani, juu ya kigoda. Lombe alikuwa ndani akifunga kilemba, maneno yake akiwa ameyapanga kwa ajili ya kesho.

Alipotoka, Mardochée alikuwa amepiga magoti.

"Nani alimwanga maji ya samaki juu?"

Lombe alisimama.

"Imeoza. Angalia, rangi imetoka. Angalia hapa." Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Lombe, ni nani?"

Yale aliyoyapanga yalikimbia kama kuku wakiona mwewe. Alitazama mikono yake. Kucha zilikuwa nyekundu bado, lakini macho ya Mardochée yalizipita tu.

"Sema basi kitu."

Mardochée aliinua meli, akaifunga kwa koti lake.

"Nilikuamini weye," alisema. Mkate aliuacha juu ya kigoda.

Jioni hiyo simu haikulia, wala siku iliyofuata. Noeli ilipita. Tante Angélique aliuliza mara moja, "Sababu gani haukumuambia?" Lombe alipogeukia ukuta hakuuliza tena. Mkate waliula watu wengine wa nyumba. Yeye hakuweza.

Mardochée naye alikaa siku sita bila kufunua koti. Siku ya saba alibeba meli mpaka Makomeno, kwa sababu kambo alikuwa na chupa ya zamani ya térébenthine, na alitaka kuusafisha ule ubavu na kuanza upya.

Kambo Ephraïm alikuwa kwenye baraza, amevaa koti la sufu katika joto lile. Mardochée aliweka meli mezani, ubavu ulioharibika ukimwelekea mzee, akaingia ndani kutafuta chupa. Alipotoka, mzee alikuwa ameinama mpaka pua yake ikakaribia bati.

"Usiguse," kambo alisema.

"Naenda kuisafisha, kambo."

"Nimesema usiguse." Kidole chake kilikuwa kinafuata mstari mwekundu chini ya nanga, bila kuugusa. "Hapa tulikuwa tunapita na brosi kila juma, na kila juma inarudi. Hapa ni maji ya jikoni. Kapteni alikuwa anakataza, mupishi anamwanga tu. Na hapa ni gati la Kalemie." Kisha akacheka kidogo, peke yake, akitazama mahali ambapo Mardochée hakuwepo. "Ni yenyewe. Mutu aliyefanya hii ni nani?"

Mardochée alibaki na chupa mkononi. Sasa alikumbuka zile kucha nyekundu za Lombe, zilizokuwa mbele yake siku ile uani.

"Ni mutu mumoja," alisema polepole, "nilimuambia nilimuamini, kiisha nikamukatalia nafasi ya kusema."

"Haukumukatalia. Ulienda mbio," kambo alisema. "Enda umulete. Bado ubavu mumoja, na macho yangu haingojei mutu."

Mardochée alipanda wewa mpaka Kampemba, kisha akashuka kwenye pikipiki kabla ya soko kwa sababu hakujua ataanza vipi. Lombe alimwona akiwa mbali, akipita kati ya meza bila kuangalia alipokanyaga.

"Iko muzuri," Mardochée alisema alipofika. Akasimama hapo.

Lombe alipanga samaki watatu waliokuwa wamekwisha kupangwa.

"Kambo anakuita. Anasema umeishi ndani ya meli yake bila ruhusa." Alishusha sauti. "Nisamehe, Lombe. Nilisikia harufu ya hasira yangu, nikasema ni samaki."

"Samaki yangu hainuki," tante Angélique alisema upande wa pili wa meza. "Enda naye, Lombe, asije akanunua tena ndakala ya kisingizio."

Lombe alikwenda Makomeno Jumamosi nne. Kambo aliketi karibu naye akimwambia kila doa lilipokuwa, na Lombe alimjibu, kwanza kwa kichwa, baadaye kwa maneno. "Apana, kambo, pale maji haikai." Mzee alipenda kubishiwa. Mardochée aliwashikia kikombe cha siki, akanyamaza, jambo ambalo lilimshangaza hata yeye mwenyewe.

Jumamosi ya nne mvua ilipumzika. Kambo aliitazama meli pande zote mbili, muda mrefu, akiizungusha kidogo kidogo kwenye mwanga. Kisha akasema amechoka, akalala kwenye kiti, mkono mmoja juu ya meza karibu na mizinga. Baraza likatulia. Jirani alikuwa akitwanga kitu.

"Mwezi huu," Mardochée alisema kwa sauti ndogo, "nataka kuya na bakubwa kwa tante Angélique. Kujitambulisha, kuomba ndoa. Nilikuuliza juzi mu telefone, haukunijibu. Nakuuliza tena hapa, na mudomo."

Lombe alikuwa na ufito wenye pamba, anaukausha kwa kitambaa. Mardochée aliinama, akaonyesha sehemu ya nyuma, karibu na usukani, mahali padogo kama ukucha palipobaki kijivu na safi.

"Na hapa umesahau."

"Sijasahau."

Aliweka ufito chini. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kifundoni, na Mardochée aliushika mmoja jinsi ulivyokuwa. Lombe hakuuondoa.

"Kuya na bakubwa," Lombe alisema. "Nataka. Lakini ukuye ukijua kitu kimoja."

Mardochée alingoja. Safari hii hakuenda mbio.

"Baba yangu, yule maji ilimubeba, alikuwa na boti ya chuma kule Pweto. Alikuwa anavusha batu na samaki. Kila kiangazi anaivuta kwenye muchanga, mi naingia chini na kijiko, nakwangua kutu. Ndiyo maana najua. Nilikuwa na miaka kumi na moja, niko kwenye mwaka ya tano ya masomo. Siku moja asubuhi niko nasafisha sahani kwenye maji, boti iko karibu, imeshajaa batu. Nikaona nyuma, hapa, karibu na usukani. Kutu imevimba kama kidonda, na inatoa machozi. Baba alikuwa na haraka."

Alitazama pale mahali padogo palipobaki safi.

"Niliiona, Mardochée. Nikasema ndani ya roho, nitamuambia akirudi."