Mkono Uliokataa Udongo

Maiti ya Bonaventure, mvuvi wa Lweba, ilikutwa Jumatatu asubuhi kwenye matete, kisogo kimepasuliwa na kitu butu. Jumatano akazikwa. Alhamisi kijiji kilikuwa kimeshampata mlozi wake, mchawi wa kulaumiwa: Mama Dévote, jirani, mkimbizi kutoka Burundi. Polisi walimwahi kabla ya wenye petroli, wakamfungia kituoni, mjini Baraka.

"Mutupatie ule mwanamuke!" vijana walipiga kelele mlangoni. "Ameua mukubwa, sasa amekausha mukono ya mudogo!"

Inspekta Félicité hakubabaika. Kelele za mlangoni hazikuwahi kumchagulia mshukiwa. Akaenda zake hospitali.

Élie, mdogo wa marehemu, alikuwa amelala, mkono wa kulia umetupwa juu ya shuka.

"Anaigiza?" Félicité akamuuliza Daktari Wilfried pembeni.

"Hapana. Nilimuchoma sindano, hakushtuka. Lakini mufupa, mushipa, damu, yote iko muzima. Akishikwa na usingizi, mukono ile inafukuza inzi. Akiamuka, imekufa tena."

"Sumu?"

"Hakuna. Roho ikishindwa kubeba jambo, mwili inaweza kulibeba. Ni ugonjwa ya kweli, mama. Uliza ilianza saa gani."

Swali lile lilimkaa Félicité kichwani. Akapanda pikipiki hadi Lweba, kwa Constance, mjane wa marehemu.

"Mukono ya Élie ilikufa saa gani?"

"Pale kwa kaburi, mama. Alichimba yeye mwenyewe, na mikono yote mbili. Pasta akamwambia, we ndiye damu yake, anza kutupa udongo. Akainama, akaukamata. Mukono ikakataa kuutupa, kiisha ikaanguka hivi."

"Na Dévote?"

"Alikuwa nyuma yake, analia."

Watu waliona mlozi. Félicité aliona mtu aliyeshindwa kumzika kaka yake kwa mkono uliomuua. Lakini hisia si ushahidi, kwa hiyo akapekua. Kwenye mtumbwi wa Élie kulikuwa na kasia jipya kabisa. La zamani alilikuta limechomekwa kwenye nyasi za paa la jiko lake, nywele zimenasa kwenye ufa wake.

Akarudi hospitali, akaliweka kitandani.

"Hii ni ya nani?"

Élie akageuza uso ukutani.

"Sisemi unadanganya, Élie. Mukono yako iko mugonjwa kweli. Lakini haiko Dévote ndiye alikupatia ugonjwa. Batu banataka kumuchoma moto. Utabeba na kifo yake?"

Élie akaligusa kasia kwa mkono wa kushoto.

"Kaka alimupatia Dévote shamba ya mama," akasema. "Mama amezikwa pale! Muhogo ya mugeni juu ya mama yetu! Nikamukataza, akacheka. Akanigeuzia mugongo asukume mutumbwi. Nikamupiga. Mara moja tu, mama."

"Nani alianza kusema Dévote ni mulozi?"

"Ni mi."

Félicité alimwonea huruma, na alimkasirikia vilevile. Maelezo yakaandikwa, Dévote akafunguliwa. Kesho yake, gari la kumpeleka Élie gerezani likasimama Lweba. Élie ndiye aliyeomba, atupe udongo wake.

Kaburini Félicité akamfungua pingu. Élie akapeleka mkono wa kushoto.

"Ile ya kuume," Félicité akasema.

Ilichukua muda. Vidole vikasogea, vikachota, vikafunguka, na udongo ukamwangukia Bonaventure. Élie akalia kwa sauti hadi kijiji kikatoka nje.

Félicité alimngoja amalize. Kisha akamfunga pingu, safari hii mikono miwili mizima.