Nyumba Iko Karibu na Nini?

Cherehani ilikaa sebuleni, na maisha ya nyumba nzima yaliizunguka. Mama alikuwa mshonaji. Binti yake, aliyeitwa Kasuku kwa wingi wa maneno, alikuwa akipiga pasi sare. Mdogo wake alikaa wima kochini, akipumua kwa mlio mwembamba. Alikuwa na pumu. Moshi kidogo tu, kifua kinabana.

Simu ikaita. Alikuwa baba yao, fundi wa kuchomea vyuma, aliyepata kazi kiwandani nchi ya mbali. Familia ilikuwa inajiandaa kumfuata.

"Mama watoto, nyumba nimepata," alisema. "Vyumba viwili, rangi mpya. Tena iko karibu. Keshokutwa natia sahihi mkataba wa mwaka mzima."

Jirani yao, Bi Dobi, alikuwa amekuja kuchukua gauni lake. Mama huyu aliwahi kuishi ughaibuni miaka mingi. Alifua nguo za hoteli, akalea watoto wake hukohuko. Akauliza taratibu, "Karibu na nini?"

Mshonaji akafungua spika ya simu, akamwambia mumewe kwamba Bi Dobi, aliyefuata gauni lake, anauliza karibu na nini.

"Karibu na kiwanda, na nini tena?" mume akacheka. "Natoka kitandani naingia kazini. Mwambie Bi Dobi avae gauni lake aende zake."

"Nimekusikia, mwanangu," Bi Dobi alisema, akasogea. "Uliiona siku gani?"

"Siku ya mapumziko. Siku nyingine nina nafasi gani?"

"Basi umeiona nyumba imelala. Kaione ikiwa macho. Nenda siku ya kazi. Tazama kama majirani wameanika nguo nje, kama wamefungua madirisha. Kisha tembea kwa miguu mpaka shule, kwa mwendo wa mtoto. Uliza kama nafasi ipo, na zahanati iko wapi. Waulize wazazi utakaowakuta pale getini. Mwenye nyumba lazima aisifie, ndiyo biashara yake."

"Na ikinipita, watoto watalala wapi?"

"Kupanga kuna maana mbili, baba. Wewe unataka kupanga nyumba kabla hujapanga mambo."

Mshonaji aliisogeza simu kifuani kwa mtoto, na ule mlio mwembamba ukavuka mpaka ng'ambo.

"Nimesikia," baba alisema. "Kesho naomba ruhusa kazini."

Kesho yake alipiga tena, sauti imeshuka.

"Kiwanda kinatoa moshi, na upepo unauleta palepale. Madirisha yote yamefungwa. Kamba za nguo tupu, ila shuka moja, nayo ina masizi. Shule yenyewe ni kupanda mabasi mawili."

"Sahihi je?"

"Kalamu nimeirudisha mfukoni."

Safari ikaahirishwa. Wenzake kazini walimtania kwamba anachagua nyumba kama anachagua mchumba. Mshonaji alisali, akashona, akangoja. Mwishowe mzazi mmoja kwenye geti la shule akamwonyesha baba nyumba nyuma ya uwanja wa michezo. Ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, na rangi yake imechujuka. Lakini nguo zilianikwa nje, nyeupe. Zahanati ilikuwa kwenye kona. Hapo akatia sahihi.

Familia ikahamia. Kasuku, baada ya wiki chache za ukimya, alianza kubishana kwa lugha mbili. Mdogo wake alicheza uani na watoto wa jirani. Dawa yake ya kuvuta bado ilikaa kwenye mkoba, maana pumu haiponi kwa kuhama nyumba. Ila sasa siku nyingi haikutoka mkobani, na mama alimshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi.

Aliyekaa mbali na kazi sasa ni baba. Alipanda basi alfajiri, akarudi jioni amechoka, akibisha kama mgeni.

"Hodi."

"Karibu, Baba," yule mdogo aliitikia.

"Karibu na nini?" baba aliuliza, akivua viatu.

"Na sisi."