Jino Lililouma "Kidogo"

Msimu wa kulima ukifika, kijijini kwa kina Keraryo, upande wa Butiama, hakuna anayelala. Kabla jua halijapanda, Keraryo alikuwa ameshafunga ng'ombe kwenye jembe. Akimaliza shamba lake, huenda kulima mashamba ya watu kwa kibarua. Hivyo ndivyo familia yake ilivyokula. Mkewe, Boke, alimfuata nyuma akidondosha mbegu za mahindi kwenye mtaro.

Asubuhi hiyo Boke alisikia kitu. Siku zote Keraryo akiwapigia ng'ombe kelele, majirani wa ng'ambo ya mto wanageuka. Leo sauti ilitoka upande mmoja wa mdomo, nusunusu. Hata ng'ombe walisimama, kama hawakuelewa wameambiwa nini.

"Baba Nathan," Boke aliita, "jino bado?"

"Kidogo tu."

Boke aliendelea kudondosha mbegu. Neno hilo alilijua vizuri. Mwaka ule ng'ombe alipomkanyaga mguu mpaka ukucha ukang'oka, Keraryo alisema ni kidogo. Alipougua malaria hadi akawa anaongea na ukuta, alisema ni kidogo. Usimcheke. Keraryo ni Mkurya, na amelelewa akijua mwanaume halii. Siku alipotahiriwa hakupepesa hata jicho. Shangazi zake walimwimbia njia nzima mpaka nyumbani. Mtu aliyeimbiwa hivyo, utamwambiaje aseme inauma?

Na tuseme ukweli, Boke mwenyewe aliupenda ujasiri huo. Ndio uliomfanya amkubali Keraryo, akawaacha wachumba wenye ng'ombe wengi. Alikuwa mume wa kutegemewa, na mkewe alijivunia kila siku.

Lakini jino halijali kama uliimbiwa au hukuimbiwa.

Lilianza kama tundu dogo, gego la chini upande wa kulia. Keraryo akalibana na tumbaku. Lilipozidi, rafiki yake Machage akamwambia, "Mura, mwanaume wewe, tafuta kidonge cha rangi mbili. Sisi tunatumiaga hicho." Akakinunua dukani. Hakukimeza. Alikifungua, akamwaga unga wake kwenye tundu la jino, kama wanavyofanya wengi. Maumivu yakatulia siku chache, Keraryo akatamba kwamba amepona. Kumbe jino lilikuwa linajipanga upya.

Boke aliona yote. Aliona mumewe anatafuna upande mmoja. Aliona anasukuma mahindi ya kuchoma, chakula anachokipenda kuliko vyote, na kuomba uji kama mtoto. Moyo ukamuuma. Akaenda kwa jirani yake, Diana, ambaye ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Diana ndiye hupita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za watoto, wajawazito na wagonjwa.

"Diana, jino la Baba Nathan litaniletea msiba," Boke alisema.

"Ameshaenda hospitali?"

"Hospitali ya meno si ya watu kama sisi. Wanasemaga ukiingia kwa daktari wa meno, unatoka umeuza ng'ombe. Tukiuza ng'ombe, tutalimia nini?"

Diana akatikisa kichwa. "Wanaosema hivyo wamewahi kwenda?"

Boke akafikiri. Hakumkumbuka hata mmoja.

"Basi nisikilize," Diana alisema. "Hospitali yetu ya wilaya ina kitengo cha meno. Ni ya serikali. Bei yake si ya zile kliniki za watu binafsi mjini. Uliza kwanza, ndiyo uogope. Halafu, ile kadi ya bima ya afya ya CHF mliyojiunga, iko wapi?"

"Iko sandukuni. Nimeitunza vizuri."

"Sandukuni inamtibu nani?"

Boke akacheka bila kutaka.

"Nendeni nayo," Diana aliendelea. "Na hata asiye na kadi wala hela asikae nyumbani akafa kikondoo. Pale hospitali kuna afisa ustawi wa jamii. Unaomba kumwona. Unamweleza hali yako bila aibu. Kazi yake ni kuwasikiliza wasio na uwezo na kuona watasaidiwaje."

Boke akarudi nyumbani, akatoa kadi sandukuni. Keraryo alikubali kwenda, ila alisema ataenda peke yake. Yeye si mtoto wa kushikwa mkono.

Alirudi mchana. Mkononi alikuwa na vidonge vichache vya maumivu.

"Wamekung'oa?" Boke aliuliza.

"Hapana. Watu walikuwa wengi. Wamesema nirudi Alhamisi."

"Walikuuliza inaumaje?"

"Waliniuliza."

"Ukawaambiaje?"

Keraryo alitazama pembeni. "Niliwaambia inauma kidogo."

Boke alikaa chini. Sasa alielewa. Muuguzi aliyemuuliza hakukosea. Alikuwa na watu wengi mbele yake, na mmoja kati yao amesema anaumwa kidogo. Atajuaje kwamba kidogo ya Keraryo ni sana ya watu wengine?

Alhamisi haikufika. Siku iliyofuata Keraryo aliamka na shavu limevimba. Uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya taya mpaka shingoni, mgumu, wa moto. Mdomo haukufunguka. Mate yalimtiririka kwa sababu kumeza alishindwa. Boke alikimbia kumwita Diana.

Diana alipomwona tu, uso wake ukabadilika. "Hii haingoji Alhamisi. Uvimbe ukishuka shingoni, ukiziba njia ya hewa, mtu anakufa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ita bodaboda, uende naye wewe mwenyewe. Watoto niachie mimi."

Akamshika Boke mabega. "Ukifika, usikae kwenye benchi kimya. Sema maneno haya: ana uvimbe shingoni, hawezi kufungua mdomo, hawezi kumeza, ana homa. Ukisema hivyo watakuelewa upesi. Mgonjwa wa namna hiyo hatakiwi kupanga foleni."

Njia nzima Boke aliyarudia maneno hayo moyoni, akimshika mumewe asidondoke kwenye pikipiki.

Hospitali walikuta watu wamejaa. Baadhi walikuwa watu wa kijijini kwao. Muuguzi akamtazama Keraryo na kuuliza, "Baba, unajisikiaje?"

Keraryo akajikaza kisabuni. Kwa meno yaliyobana akasema, "Kidogo."

Hapo Boke alisimama. Kwa watu wake, mke kutangaza maumivu ya mumewe mbele ya watu ni kama kumvua nguo. Alilijua hilo. Hata hivyo alisema, tena kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni.

"Dada, usimsikilize. Huyu hasemagi ukweli akiumwa. Ana uvimbe shingoni. Hawezi kufungua mdomo. Hawezi kumeza. Ana homa. Mume wangu anakufa, na mimi bado namtaka."

Benchi zima likageuka. Keraryo alimkazia mkewe macho ya hasira. Boke hakuyakwepa. Mimi nawaambia, wanawake wa namna hiyo hawaimbiwi njiani, lakini wanastahili.

Muuguzi aliwapitisha pale pale. Wakamkuta tabibu wa meno, mwanamke aliyeitwa Nyamburi. Aliigusa shingo ya Keraryo taratibu, akaangalia taya, akawaita wenzake waandae dripu. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na mgonjwa.

"Mura," alisema kwa upole, "mimi ni binti wa huku huku. Kaka zangu wote wamepita jandoni mlikopita. Sikuulizi kama wewe ni mwanaume. Hilo naliona. Ninauliza jino. Ukinidanganya, nitatibu ugonjwa ambao huna, na huu ulio nao utakumaliza. Inauma kiasi gani?"

Keraryo akatazama dari. Akamtazama mkewe, aliyesimama karibu. Hasira ikamtoka usoni. Chozi moja likashuka kwenye lile shavu lililovimba, na hakulifuta.

"Sana," alisema. "Inauma sana. Naogopa nitawaacha watoto."

Boke alikuwa ameishi naye miaka mingi na hakuwahi kusikia sentensi hiyo. Hakumwona mdogo. Alimwona mkubwa kuliko siku zote, kwa sababu kunyamaza alikuwa amekuzoea, na kusema ndiko kulikuwa kugumu.

"Asante," Nyamburi alisema. "Sasa nimejua pa kuanzia."

Waliandaa sindano ya ganzi. Keraryo akaitazama kwa wasiwasi. "Hiyo si ya wanawake?"

"Wanawake wanazaa bila hiyo," Nyamburi alimjibu, na wauguzi wakacheka. "Ganzi inanisaidia mimi nifanye kazi bila wewe kushtuka. Tulia."

Akatulia. Usaha ulitolewa, na jino likang'olewa. Alilazwa akipewa dawa kwa mshipa. Kila siku uvimbe ulipungua kidogo, na hii ilikuwa kidogo ya kweli. Alipoanza kumeza uji, Boke alitoka nje, akaegemea ukuta na kulia kwa furaha.

Kadi ya CHF ilisaidia. Kulikuwa na dawa moja ambayo haikupatikana pale, na hela ya kuinunua nje hawakuwa nayo. Boke akaomba kumwona afisa ustawi wa jamii, kama alivyofundishwa. Alimweleza hali yao bila kuficha, na msaada ukapatikana. Ng'ombe hawakuuzwa.

Siku ya kuruhusiwa, Nyamburi aliwakalisha wote wawili.

"Kile kidonge cha rangi mbili ulichonitajia, mlikiweka cha nini?"

"Kuua jino," Keraryo alijibu. Sasa alikuwa anajibu kila kitu.

"Unga ule hautibu jino. Unatuliza maumivu siku mbili tatu, huku chini usaha unaendelea. Tumbaku pia inachoma fizi tu. Ungekuja lilipokuwa tundu dogo, ningeliziba, na leo ungekuwa nalo mdomoni. Kuziba hakuumizi kama hivi, na jino linabaki lako."

"Na watoto?" Boke aliuliza.

"Wapige mswaki kwa dawa ya meno asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Usiku msiusahau. Chai punguzeni sukari, soda ziwe za sikukuu. Na msingoje jino liume. Waleteni tu nitazame."

Boke hakungoja. Wiki ile ile alimpeleka binti yao mdogo, Nyangi. Kweli walikuta tundu dogo. Likazibwa, na Nyangi akarudi shuleni siku hiyo hiyo, akiwaonyesha wenzake mdomo wazi.

Palizi ilipofika, wanaume walikusanyika kwenye shamba la Nyamhanga kusaidiana, kama ilivyo desturi yao. Nyamhanga alikuwa mtu mzima wa makamo, mwenye kifua kipana na maneno machache. Miezi ya karibuni hata hayo machache yalikuwa yamekwisha. Walipopumzika kunywa togwa, Machage akaanza utani.

"Keraryo, tumesikia ulilia hospitali."

Wanaume wakacheka. Boke, aliyekuwa akigawa togwa na mke wa Nyamhanga, alisimama akisubiri mumewe atajibu nini.

"Nililia," Keraryo alisema. "Tena mbele ya wanawake. Mngenizika hapa mkanisifu kwamba sikulia, na Boke angelima na nani? Machage, kidonge chako kilitaka kuniua. Mimi sina ugomvi na wewe, hukujua. Ila mwenye jino linalouma aseme leo. Mimi njia ya kule naijua, nitampeleka."

Kicheko kikaisha. Walitazamana, kisha wakatazama chini.

Nyamhanga akaweka kikombe chake chini. Akafungua mdomo polepole, akaweka kidole nyuma kabisa.

"Hili," alisema. "Tangu mvua za mwaka jana. Kuongea kwenyewe kunauma."

Mkewe akamtazama, mtungi wa togwa mikononi.

"Jino?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Baba, muda wote huu ni jino? Mimi nilidhani umenichoka."