Nani Katoa Upepo Kwenye Nyumba Yangu?

Nilimfumania wifi yangu mchana kweupe!

Hapana, sio hivyo mnavyofikiria.

Nilimfumania amechuchumaa kando ya nyumba yangu, koleo la kubania mkononi, anatoa upepo kwenye tairi...

Ndiyo, tairi. Nyumba yangu ina matairi sita. Mwenzenu naishi kwenye basi, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, tuendelee.

Psssss! Upepo unatoka, na yeye wala hana habari.

"Wewe! Unafanya nini?!"

Akageuka. Jasho linamtiririka, gauni lote tope.

"Wifi... mbona umerudi mapema?"

Mnamsikia? Eti mbona nimerudi mapema. Kwangu!

Nilikuwa nimewapelekea wateja nguo zao. Lakini redio tangu asubuhi ilikuwa inapiga kelele: upepo mkali unakuja, mvua kubwa inakuja, watu wakae ndani. Nikageuza njia.

Basi lenyewe nililinunua gereji likiwa limekufa injini, wakati huo na ndoa yangu imeshakufa. Likavutwa mpaka nyuma ya nyumba ya mama, anakoishi na kaka yangu na mkewe. Viti niling'oa kwa mikono yangu hii. Nikabakiza cha dereva na kile kirefu cha nyuma. Kitanda huku, jiko kule, cherehani dirishani.

Kaka aliona aibu. Rafiki zake wakija anawaambia ni stoo.

Wifi naye ndiyo usiseme. Tangu siku ya kwanza ananiita Mama Konda. Halafu kila nikitoka, nikirudi nakuta mto wa kiti cha dereva umebonyea. Nikajua tu, huyu ananipekua.

Kwa hiyo nilivyomkuta na koleo, nikasema leo ndiyo leo!

"Upepo unakuja na wewe unanilegezea matairi? Unataka nipinduke nife?!"

"Punguza sauti!"

"Sipunguzi! Nimekukosea nini mimi?"

"Wifi, niache nimalize hili la mwisho, halafu nitukane mpaka uchoke."

La mwisho?!

Nikatazama. Mengine yote yalikuwa yameshalala. Basi langu limekaa chini kama kuku anayeatamia.

Nikamdaka mkono. Tukavutana pale kwenye tope...

PIIIIP!

Gari la kuvuta magari mabovu linaingia kinyumenyume, kupitia kwenye ukuta wa nyuma. Yaani pale palipokuwa na ukuta. Kaka alikuwa ameubomoa juzi tu, akidai anaweka geti pana. Na mimi huyuhuyu nilimsaidia kubeba matofali! Nikamchemshia na chai!

Dereva akashuka.

"Ndiyo hiki chuma chakavu?"

"Chuma chakavu nani?!"

Kaka akatokea kwa nyuma yake. Aliponiona, akarudi hatua moja.

"Mdogo wangu... si ulienda kwa wateja?"

Kaka yangu wa tumbo moja! Angoje nitoke, aiuze nyumba yangu kwa kilo!

Wifi akaninong'oneza, "Alisema ukirudi utakuta pamefagiliwa."

Dereva akazunguka basi, akapiga teke tairi moja, akapiga la pili.

"Bosi, hili siligusi. Matairi yote yamelala, ardhi yenyewe tepetepe. Na mawingu yale mimi siyasubiri."

Akapanda gari lake, akaondoka.

Kaka akaliona koleo mkononi mwa mkewe.

"Ni wewe umefanya hivi?"

"Ndiyo."

Ndiyo tu! Bila hata kupepesa.

Hatukupata nafasi ya kugombana. Upepo ulishafika.

Na mnajua ulipitia wapi? Palepale alipobomoa! Ule ukuta ndio uliokuwa unaikinga nyumba. Upepo ukaingia chini ya paa la baraza, ukashika bati la kwanza, ukashika la pili... ukaondoka na paa la sebuleni lote!

Nikakimbia ndani, nikamtia mama mgongoni.

"Kwani basi hujalipeleka gereji?" mama ananiuliza kule mgongoni. "Kaka yako si kaniambia umeomba mwenyewe livutwe?"

"Nishike shingo, mama. Tutaongea."

Tukaingia kwenye basi, mimi, mama na wifi. Nikafunga mlango.

Jamani, lilitikisika! Vioo vinagonga, vyombo vinaanguka, maji yanaingia dirisha moja na wifi kalikandamiza kwa blanketi langu. Lakini halikupinduka. Lilikuwa limelala chini, tumbo karibu na ardhi, upepo ukalisukuma ukachoka.

Kaka alibaki nje na kiburi chake, kajibanza kwenye mlango wa nyumba isiyo na paa. Kiburi kikalowa.

Ngo! Ngo! Ngo!

Nikafungua dirisha kidogo.

"Fungua, mdogo wangu!"

"Stoo imejaa."

"Jamani nakufa huku!"

"Unagonga nini?"

"Nini?!"

"Hicho unachogonga. Kina jina lake. Kitaje."

Bati likapita juu ya kichwa chake, vuuup!

"Nyumba! Ni nyumba! Nyumba yako! Fungua!"

Nikafungua.

"Kiti cha nyuma," nikamwambia. "Na usiguse kitu."

Akaenda kukaa, anatiririka maji. Mama akamtazama mara moja tu, akageuza uso dirishani.

Upepo ulipoanza kupungua, wifi akaenda kwenye kiti cha dereva. Hakuomba ruhusa. Akakaa, na mto ukabonyea palepale ninapoukutaga umebonyea.

Nikamsogelea. "Kumbe ulikuwa unakuja kukaa tu?"

Akashika usukani, hanitazami.

"Kule ndani kaka yako anasema kila kitu ni chake, wifi. Tukikosana kidogo, ananiambia toka kwangu. Huwa nakuja hapa nalia, nikimaliza narudi kupika." Akafuta pua. "Wangeliondoa basi hili, mimi ningelilia wapi?"

Jamani... Kumbe Mama Konda ana abiria siku zote, na hajui!

Kaka alisikia kila neno kule nyuma. Akainamisha kichwa.

Ukuta kaujenga upya mwenyewe, tofali kwa tofali. Mimi niko dirishani nashona, namtazama. Chai? Hakuna!

Alipomaliza akaja taratibu. "Nikujazie upepo kwenye matairi?"

"Acha. Halina safari."

Wifi nimemchongeshea ufunguo wake. Sasa analia akiwa amejifungia vizuri, na siku hizi anacheka zaidi ya kulia.

Mnataka somo? Unayedhani anakupekua, pengine anatafuta pa kujificha. Na anayekuomba umsaidie kubeba matofali, muulize kwanza anajenga au anabomoa.

Naishi kwenye basi mpaka leo. Haya, waliokuwa wanacheka, mmemaliza?