Alama ya Chaki kwenye Mlango wa Jirani

Nina miaka ishirini na sita, nina lisansi, yaani shahada, ya jiolojia, naishi Ndosho, hapa Goma. Nawaandikia, ndugu wasomaji, kwa sababu nilimkana rafiki yangu mbele ya mawe...

Rafiki huyo, Patrick, alitoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, upande wa Rwanda. Kutoka kwao hadi kwetu ni mwendo wa miguu tu. Asubuhi alivuka bariyeri ya mpakani na mashine ya kupimia hewa, jioni alirudi kula kwao. Tulitafuta mazuku, ile hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya volkano na kuua waliolala sakafuni. Yeye na wenzake wa ng'ambo walikuwa na mashine, sisi tulizijua nyumba. Nani angeweza peke yake?

Kumwarifu shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, kwamba tutapima nyumba ilikuwa kazi yangu. Niliandika barua kwa Kifaransa, nikaogopa haitaeleweka. Nikaiandika kwa Kiswahili, nikaogopa itaonekana ya kitoto. Ikakaa mfukoni wiki mbili, na kazi tukaianza!

Tulipokuta hewa nzito, tulichora duara la chaki mlangoni ili turudi kupima tena. Patrick alitaka tuwaambie wenyeji palepale. Nilikataa. Nikasema tusiwatishe watu kabla ya kuwa na uhakika.

Siku ya tatu watu waliziona alama. Siku hizi za vita, nani haogopi mlango wake ukichorwa? Wakasema mtu wa ng'ambo anachagua nyumba za kushambuliwa. Niliporudi kutoka kununua betri, nilikuta wamemzunguka Patrick. Mashine ilikuwa imepasuliwa, damu ikimtoka sikioni.

Papa Bahati, jirani yetu mchomeleaji, alinishika shati. "Uyu mutu unamujua?"

Niliwaza. Nikisema ndiyo, watauliza kama shefu alipewa barua. Wakiuliza barua, watanipiga na mimi. Mama yangu je? Diploma yangu je? Patrick alikuwa ananitazama...

"Hapana, papa. Simujui."

Wakamrudia! Jiwe la volkano lina meno, ndugu zangu. Nilisikia mkono wake ukivunjika. Nilisikia jicho... siwezi kuandika.

Aliyemwokoa ni Mama Furaha, muuza makala, yaani mkaa. Alijilaza juu yake.

"Muanze na mimi. Uyu ndiye aliniambia nilalishe wajukuu juu ya kitanda, chini kuna mazuku."

Kumbe Patrick alimwambia kwa siri, bila ruhusa yangu! Mawe yakakoma. Tulimrudisha ng'ambo akiwa na jicho moja. Wenzake hawakuja tena, wala mashine haikurudi.

Wiki mbili baadaye mtoto wa Papa Bahati, wa miezi minane, alikutwa amekufa mkekani. Hana jeraha, hana homa. Baba yake alikuja kwangu.

"Ile alama kwa mulango yangu ilikuwa inasema nini?"

Nilimwambia ilisema ndani kuna mazuku. Hakunipiga. Heri angenipiga!

Nilimwandikia Patrick, naye akajibu mstari mmoja: "Umempa shefu barua?"

Nilimpelekea shefu siku hiyohiyo, ikiwa imekunjamana, imechelewa mwezi mzima.

Wasomaji wangu, hasa ninyi mnaofanya kazi na watu wa ng'ambo: ukaribu wa mpaka hauwalindi wageni wenu. Mpeleke mgeni wako kwa majirani kabla hajafungua mfuko wa vifaa. Ukijua hatari, iseme, hata kwa Kiswahili kibovu. Na siku wakikuuliza kama unamjua, usiwaze... Mimi niliwaza kwa pumzi moja tu, na leo kuna kaburi dogo nyuma ya karakana ya jirani.